Upimaji wa Mayai na Viluwiluwi vya Samaki: Kutoka Maji ya Mwambao hadi Mabwawa ya Uwanda wa Kati wa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mayai na viluwiluwi vya samaki vinavyopimwa katika maji ya mwambao wa bahari, kisha yanachunguza kiasi ambacho utaratibu huo unaweza kutumika katika maji ya uwanda wa kati wa Tanzania, yaani Bwawa la Mtera, Bwawa la Hombolo na mbuga ya Bahi. Hoja kuu inayojengwa ni kwamba wavu wa planktoni uliobuniwa kwa ajili ya mayai yanayoelea baharini hauwezi kuona uzazi wa perege wala wa kambale, ambao ndio samaki muhimu wa eneo hilo. Perege hutunza mayai kinywani, na kambale huyagandisha kwenye majani ya maji mapya. Kwa sababu hiyo, wavu unaorudi mtupu katikati ya bwawa si ushahidi wa kutokuwapo uzazi. Makala yanaonesha kwamba misingi ya upimaji inabaki ileile, ila mahali, wakati na zana hubadilika kufuata tabia ya samaki, na kwamba mabadiliko hayo yana uzito katika uamuzi wa kufunga uvuvi na katika matumizi ya maji.

1.0 Utangulizi

Takwimu nyingi za uvuvi hukusanywa mwaloni, baada ya samaki kuvuliwa. Takwimu hizo hueleza kilichotolewa majini. Hazielezi kilichobaki wala kinachokuja. Mvuvi anaweza kupata samaki wengi kwa miaka kadhaa mfululizo huku kizazi kinachotakiwa kuchukua nafasi ya waliovuliwa kikiwa hakipo. Pengo hilo hugunduliwa wakati limekwisha kuwa hasara. Upimaji wa mayai na viluwiluwi hukusudia kuliona pengo mapema zaidi, kwa kuwahesabu samaki kabla hawajawa samaki wa kuvuliwa.

Katika makala haya, neno kiluwiluwi linatumika kwa maana ya samaki mchanga tangu anapoanguliwa hadi anapopata mapezi yote na umbo la jamii yake. Baada ya hatua hiyo ndipo anapoitwa kifaranga, kama wafugaji wa samaki wanavyomwita. Tofauti hii ina maana katika upimaji. Kiluwiluwi hana uwezo wa kutosha wa kuogelea dhidi ya mkondo, hivyo huchukuliwa na maji, ilhali kifaranga huanza kuchagua mahali pa kukaa.

Huenda msomaji akashangaa kuona elimu inayohusishwa na bahari ikijadiliwa kwa kuangalia Dodoma, mji ulio katika uwanda wenye mwinuko unaozidi mita 1,000 na mvua za msimu mmoja tu kwa mwaka. Zipo sababu mbili. Kwanza, Wizara ya Mifugo na Uvuvi ina makao yake makuu Dodoma. Uamuzi unaohusu maji ya Tanga, Mafia na Mtwara hutolewa hapo. Pili, uwanda huo una uvuvi wake, na sehemu kubwa ya maji yake huishia baharini. Maji ya Mtera hufuata Ruaha Mkuu hadi Rufiji na kumwagika kwenye delta inayotazamana na Mafia. Maji ya Hombolo hufuata Kinyasungwe hadi Wami na kuingia baharini kaskazini mwa Bagamoyo. Bahi peke yake ndiyo bonde lisilo na njia ya kutokea. Kwa hiyo bara na mwambao vimeunganishwa na mito, hata kama taaluma huvitenganisha.

2.0 Chimbuko la upimaji

Kabla ya nusu ya pili ya karne ya 19, wavuvi wengi wa Ulaya walidhani kwamba samaki wote hutaga chini ya maji, juu ya mchanga au mawe. Katika miaka ya 1860, mwanasayansi wa Norwe aitwaye Georg Ossian Sars alichunguza uzazi wa samaki aina ya kodi katika visiwa vya Lofoten, akabaini kwamba mayai yake huelea karibu na uso wa bahari. Ugunduzi huo ulibadilisha swali lenyewe. Ikiwa mayai huelea, basi yanaweza kukingwa kwa wavu mwembamba, kuhesabiwa, na kutumiwa kukadiria idadi ya samaki waliotaga.

Mjerumani Victor Hensen aliliendeleza wazo hilo. Ndiye aliyelitunga neno planktoni mwaka 1887 kwa maana ya viumbe vinavyoelea na kuchukuliwa na maji, na alisisitiza kwamba viumbe hivyo vihesabiwe kwa kipimo cha ujazo wa maji badala ya kuelezwa kwa maneno tu. Msingi huo wa kuhusisha hesabu na ujazo bado ndio uti wa mgongo wa kazi hii hadi leo.

Mwaka 1914 Johan Hjort, naye wa Norwe, alitoa hoja iliyoendelea kujadiliwa kwa zaidi ya miaka 100. Alieleza kwamba kupanda na kushuka kwa wingi wa samaki hakutokani tu na idadi ya wazazi au nguvu ya uvuvi, bali hutegemea zaidi yanayowapata viluwiluwi katika siku za mwanzo za uhai wao. Alitaja hatari mbili. Ya kwanza ni njaa: kiluwiluwi anapomaliza kiini alichozaliwa nacho asipopata chakula cha kufaa kwa wakati, hufa. Ya pili ni mkondo: maji yakimpeleka mbali na eneo la malezi, hapati mahali pa kukulia. Hivyo mwaka mmoja unaweza kutoa kizazi kikubwa na mwaka unaofuata ukatoa kizazi hafifu, ingawa wazazi ni walewale.

Upimaji wa kudumu ulipata nguvu baada ya hasara. Uvuvi wa dagaa wakubwa wa California ulipoporomoka, Marekani ilianza mwaka 1949 mpango wa kupima bahari hiyo mara kwa mara, ukihusisha mayai na viluwiluwi pamoja na joto na chumvi ya maji. Katika Atlantiki ya kaskazini mashariki, mayai ya vibua yamekuwa yakipimwa kila baada ya miaka mitatu tangu mwaka 1977, na matokeo yake hutumika kukadiria wingi wa samaki wazazi. Kwa upande wa Afrika Mashariki, hatua muhimu ilikuwa kuchapishwa mwaka 2014 kwa mwongozo wa kutambua viluwiluwi vya samaki wa mwambao wa Kenya, ulioandaliwa na James Mwaluma, Boaz Kaunda-Arara na Nadine Strydom. Kabla ya hapo, mtafiti wa eneo hili alilazimika kutegemea zaidi michoro ya samaki wa bahari nyingine.

3.0 Utaratibu katika maji ya mwambao

3.1 Uchaguzi wa vituo na misimu

Upimaji huanza na ramani. Vituo hupangwa kwa mistari inayotoka ufukweni kuelekea bahari kuu, ili kulinganisha maji ya mikoko, ya nyasi bahari, ya ndani ya miamba ya matumbawe na ya nje yake. Kila kituo hurudiwa kwa njia ileile katika nyakati tofauti. Katika mwambao wa Waswahili, nyakati hizo hufuata pepo. Wakati wa kaskazi, takribani Novemba hadi Machi, bahari huwa tulivu na yenye joto zaidi. Wakati wa kusi, mkondo wa pwani uelekeao kaskazini huwa na nguvu na bahari huchafuka. Kiluwiluwi kilichoanguliwa wakati wa kusi huweza kuchukuliwa mbali zaidi kuliko kilichoanguliwa wakati wa kaskazi. Aidha, maji kujaa na kupwa hubadilisha matokeo ya kituo kimoja ndani ya saa chache. Kwa hiyo saa ya kuvuta wavu, hali ya maji na umri wa mwezi huandikwa kila mara.

3.2 Zana na uvutaji

Zana inayotumika zaidi ni wavu wenye umbo la pia, mrefu, wenye mdomo wa duara na chombo kidogo mwishoni cha kukusanyia. Mara nyingi pete mbili hufungwa pamoja ubavu kwa ubavu ili kila uvutaji utoe sampuli mbili. Macho ya wavu huwa na upana wa kati ya milimita 0.3 na 0.5. Macho makubwa mno hupitisha mayai, na macho madogo mno huziba kwa matope na mimea midogo, maji yakarudi nyuma badala ya kupita.

Wavu hushushwa hadi kina kilichokusudiwa, kisha huvutwa kwa mshazari hadi juu, ili matabaka yote ya maji yachujwe kwa kiasi sawa. Mwendo wa chombo huwa mdogo. Ukizidi, mayai hupondwa. Ukipungua, viluwiluwi vyenye macho yaliyokomaa huuona wavu na kuukwepa. Kukwepa huku ndiko kunakofanya uvutaji wa usiku uwe na viluwiluwi wakubwa wengi kuliko wa mchana. Mtafiti anayelinganisha sampuli ya usiku na ya mchana bila kulizingatia jambo hilo hulinganisha mwanga, si samaki.

3.3 Uhifadhi na utambuzi

Sampuli huhifadhiwa papo hapo. Fomalini iliyozimuliwa hulinda umbo, lakini huharibu vinasaba. Ethanoli hulinda vinasaba, lakini hukausha na kukunja mwili. Ndiyo maana sampuli mbili za wavu wa pete mbili zina faida: moja hutiwa fomalini na nyingine ethanoli.

Kazi ngumu zaidi hufanyika maabara, chini ya hadubini. Mayai mengi ya samaki wa baharini hufanana: ni ya mviringo, yana uwazi kama kioo, kipenyo chake ni kama milimita moja, na mengi yana tone moja la mafuta. Kuyatofautisha hadi ngazi ya spishi kwa macho ni vigumu, na mara nyingi haiwezekani. Viluwiluwi hutambulika kwa urahisi kidogo kutokana na idadi ya pingili za misuli, mpangilio wa madoa meusi, urefu wa utumbo na miiba ya kichwani ambayo baadhi ya jamii, kama za chewa, huwa nayo utotoni. Uchunguzi wa vinasaba umepunguza ugumu huo, ila unahitaji hazina ya kulinganishia: kinasaba cha yai hakina jina mpaka kilinganishwe na cha samaki mzima aliyekwisha kutambuliwa.

3.4 Hesabu

Idadi ya mayai ndani ya chupa haina maana mpaka ihusishwe na maji yaliyochujwa. Kwa sababu hiyo, kipima mtiririko hufungwa mdomoni mwa wavu. Mfano ufuatao unaonesha hatua za hesabu. Wavu wenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 60 una eneo la meta za mraba 0.283. Ukichuja maji kwa umbali wa meta 700, ujazo uliopita ni takribani meta za ujazo 198. Ikiwa viluwiluwi 99 wamepatikana, msongamano ni 0.5 kwa kila meta ya ujazo, au 50 kwa kila meta za ujazo 100. Ikiwa uvutaji ulianzia kina cha meta 30, basi chini ya kila meta ya mraba ya uso wa bahari kuna viluwiluwi 15.

Kutoka hapo inawezekana kurudi nyuma hadi kwa wazazi. Mayai hupangwa kwa umri kulingana na hatua ya ukuaji wa kijusi na joto la maji. Kupungua kwa idadi kutoka umri mmoja hadi mwingine huonesha kiwango cha vifo, na kiwango hicho huwezesha kukadiria mayai yaliyotagwa kwa siku. Mtafiti akijua pia wastani wa mayai ambayo jike mmoja hutaga, uwiano wa majike, na sehemu ya majike wanaotaga kwa siku, hukadiria uzito wa samaki wazazi waliomo majini. Hesabu nzima husimama juu ya sharti moja: kwamba mayai yamo ndani ya maji yanayochujwa na wavu. Sharti hilo ndilo linalovunjika katika uwanda wa kati.

4.0 Maji ya uwanda wa kati na samaki wake

Bwawa la Mtera lipo mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, mahali Mto Kisigo unapokutana na Ruaha Mkuu. Lilijengwa ili kuhifadhi maji ya kituo cha umeme cha Kidatu kilichopo chini yake, kisha likapata kituo chake lenyewe chenye uwezo wa megawati 80. Kina cha bwawa hupimwa kwa mwinuko kutoka usawa wa bahari: likijaa hufikia meta 698.5, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme kimewekwa meta 690. Kwa kuwa kingo zake nyingi zina mteremko mdogo, mabadiliko ya meta chache za kina husogeza ufuko kwa umbali mkubwa. Bwawa hilo halikujengwa kwa ajili ya samaki. Hata hivyo limekuwa chanzo cha kitoweo na kipato kwa vijiji vya pande zote mbili na kwa masoko ya Dodoma na Iringa.

Bwawa la Hombolo, kaskazini mashariki mwa mji wa Dodoma, lilijengwa mwaka 1957. Ni dogo kuliko Mtera, na maji yake yana chumvi kutokana na udongo wa bonde lake pamoja na mvukizo mkali. Mbuga ya Bahi, magharibi mwa mji, hupokea maji ya Mto Bubu kutoka upande wa Kondoa. Kwa kuwa haina mto wa kutokea, maji yake hupungua kwa kuvukizwa na kuacha chumvi. Katika miaka ya mvua nyingi hutokea ziwa pana lenye uvuvi mkubwa. Katika miaka ya ukame sehemu kubwa hukauka na ng'ombe wakachungwa palipokuwa na mitumbwi.

Samaki wa maji haya hawalingani kwa idadi ya aina na wale wa Ziwa Tanganyika au bahari, lakini wana sifa zao. Perege wa Bahi, Oreochromis amphimelas, ni wa maji ya chumvi ya mabonde yaliyofungika, kama vile Manyara, Eyasi na Kitangiri, na hapatikani kiasili nje ya Tanzania. Bonde la Rufiji, likiwamo Ruaha Mkuu, ni makazi ya asili ya perege aitwaye Oreochromis urolepis. Kambale, Clarias gariepinus, ni maarufu katika maji ya uwanda huu. Kiungo chake cha kupumulia hewa humwezesha kustahimili madimbwi ambayo samaki wengine hufia.

5.0 Kwa nini wavu wa baharini hauoni uzazi huu

5.1 Perege: mayai yaliyo kinywani

Perege wa jenasi ya Oreochromis wana desturi ya uzazi inayofanana. Dume huchimba kiota cha duara kwenye maji mafupi yenye mchanga au tope laini na kukilinda. Jike huja, hutaga, na mara hiyohiyo huyachukua mayai kinywani, kisha huondoka na kumwacha dume kiotani. Mayai huanguliwa humohumo kinywani baada ya siku chache, na viluwiluwi huendelea kukaa humo hadi kiini kinapokwisha. Hata baada ya kuanza kuogelea, watoto hurudi kinywani mwa mama wanapohisi hatari. Muda wote huo jike hali, au hula kidogo sana.

Mbinu hii hupunguza vifo vya mwanzo ambavyo Hjort alivielezea, lakini ina gharama. Jike hutaga mamia ya mayai, au zaidi ya elfu moja akiwa mkubwa, wala si mamia ya maelfu kama samaki wengi wa bahari. Zaidi ya hayo, uhai wa kizazi chote umefungwa katika kinywa kimoja. Kokoro, ambalo ni zana haramu, linapokokotwa ufukoni halichukui samaki wachanga peke yao. Hubomoa viota na kuwavua majike pamoja na kizazi walichobeba. Hasara hiyo haionekani mwaloni kwa kuwa jike aliyenaswa mara nyingi huyatema mayai yake wakati wa kuvutwa. Anapofika kwenye mizani ni samaki mmoja tu.

Wavu wa planktoni ukivutwa katikati ya Mtera katika kilele cha uzazi wa perege, hautapata yai la perege. Mtafiti asiyefahamu hilo anaweza kuandika sifuri kwenye jedwali lake na kuhitimisha kwamba hapakuwa na uzazi. Sifuri hiyo ni ya zana, si ya bwawa.

5.2 Kambale: mayai yaliyo kwenye majani

Kambale hufuata njia nyingine. Mvua za kwanza zinapopandisha maji na kufunika nyasi za kingo, kambale waliokomaa huingia usiku kwenye maji hayo mafupi, wakati mwingine kwa makundi makubwa. Jike hutaga maelfu kwa maelfu ya mayai madogo yanayonata, ambayo hushika kwenye majani na mashina yaliyozama. Wazazi hawayalindi. Katika maji ya joto, mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na viluwiluwi hubaki kwenye nyasi hadi wapate nguvu.

Hapa tatizo la wavu ni la mahali na la wakati. Chombo hakiwezi kuvuta wavu ndani ya nyasi zilizofikiwa na maji ya goti. Hata kama kingeweza, dirisha la kuyaona mayai ni la siku moja au mbili tu baada ya kutagwa. Ratiba ya kupima kila mwisho wa mwezi inaweza kuyakosa mayai yote ya mwaka mzima.

5.3 Mahali wavu unapofaa

Isidhaniwe kwamba maji baridi yote hayafai kwa wavu wa planktoni. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, Stolothrissa tanganicae, hutaga mayai katika maji ya wazi, nayo huzama polepole na kuanguliwa kabla ya kufika kina kisicho na oksijeni. Kwa samaki huyo, utaratibu wa baharini unahitaji marekebisho machache tu. Kinachoamua ni desturi ya uzazi wa samaki anayepimwa, wala si tofauti ya chumvi kati ya ziwa na bahari.

6.0 Upimaji unaofaa kwa Mtera, Hombolo na Bahi

Kutokana na maelezo hayo, upimaji katika uwanda wa kati unapaswa kugawanywa kulingana na samaki.

Kwa perege, kitu cha kupima ni jike mwenyewe na ufuko. Majike wanaovuliwa kila mwezi huchunguzwa ovari ili kujua walio tayari kutaga, na vinywa vyao huchunguzwa papo hapo majini kabla mayai hayajatemwa. Viota huhesabiwa kwa mistari iliyopimwa kandokando ya ufuko wakati maji yanapokuwa safi, na kina cha kila kiota huandikwa. Vifaranga vilivyoachwa na mama hukusanywa kwa kimia kidogo katika eneo lililopimwa, ili idadi yao ihusishwe na meta za mraba kama vile mayai ya baharini yanavyohusishwa na ujazo.

Kwa kambale, mtafiti hufuata mvua badala ya kalenda. Vishada vya nyasi au nyuzi za katani vyenye ukubwa unaojulikana hufungwa kwenye maji mafupi kabla ya mafuriko ya kwanza, kisha hukaguliwa kila asubuhi ili kuhesabu mayai yaliyoshika. Mitego ya taa huwekwa usiku kati ya nyasi ili kuvuta viluwiluwi ambavyo wavu hauwezi kuvifikia. Kwa samaki wanaopanda mto kutaga, kama wa jamii ya ningu, wavu mdogo hutegwa mdomoni mwa mto, ukielekezwa dhidi ya mkondo, na maji yenyewe huleta mayai na viluwiluwi. Kipima mtiririko hufungwa vilevile, na hesabu ya ujazo hufanyika kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 3.4.

Katika yote hayo, misingi minne haibadiliki: kituo kirudiwe, juhudi ya ukusanyaji ipimwe, sampuli itambuliwe kwa uhakika, na hali ya maji iandikwe. Kwa Mtera, kipimo muhimu zaidi cha hali ya maji ni kimo cha bwawa kila siku. Kwa Bahi na Hombolo, ni chumvi pamoja na eneo la maji lililobaki. Wavuvi wenyewe wana nafasi hapa. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vinajua usiku ambao kambale huingia nyasini kabla mtafiti hajafunga safari kutoka mjini, na taarifa yao hupunguza uwezekano wa kulikosa dirisha la utagaji.

7.0 Uzito wa matokeo katika uamuzi

Kufunga uvuvi kwa muda ni hatua inayokubalika kisayansi, lakini huwagusa watu mara moja. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Kaya inayotegemea mtumbwi hulipa gharama ya uamuzi kama huo kuanzia siku ya kwanza, na faida huja baadaye. Kwa hiyo ni haki ya kaya hiyo kwamba miezi iliyofungwa iwe ndiyo miezi ya uzazi kweli. Tarehe iliyonakiliwa kutoka ziwa moja hadi jingine haiwezi kutoa uhakika huo. Kambale wa Bahi hutaga mvua inapopandisha maji, kati ya Desemba na Aprili. Kufunga Bahi kwa tarehe za Tanganyika kungekuwa kuwanyima watu riziki baada ya mayai kukwisha kuanguliwa.

Jambo la pili linahusu maji yenyewe. Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hulisha Mtera baada ya kupita kwenye mashamba na malisho ya Usangu. Mwaka 2006 ukame uliposhusha maji ya mabwawa, nchi iliingia katika mgawo wa umeme, na mjadala wa Mtera ukawa mjadala wa megawati. Samaki hawakuwa na takwimu ya kuwekwa mezani. Hata hivyo kiota cha perege kilicho kwenye maji ya nusu meta hukauka kimo kikishuka kwa nusu meta, na majani yenye mayai ya kambale yakibaki hewani kwa nusu siku ya jua la Dodoma, mayai hayo hayaanguliwi. Upimaji wa viota na mayai kwa kina ungewezesha kusema, kwa tarakimu, kushuka kiasi gani katika wiki gani kunaharibu kizazi kiasi gani. Hoja hiyo isingeshinda umeme kila mara, lakini ingepatiwa nafasi ya kusikilizwa. Pengine ingeonesha pia kwamba kuchelewesha kushusha maji kwa siku chache tu kunatosha kuokoa kizazi cha kambale, kwa kuwa mayai yake yanahitaji siku mbili na si miezi miwili.

Jambo la tatu ni la Bahi. Mbuga hiyo inapokauka na kujaa tena, samaki wapya hutokana na masalia waliohifadhiwa katika madimbwi ya mito inayoilisha. Upimaji wa viluwiluwi katika mwaka wa kwanza wa kujaa huonesha madimbwi gani yalitoa kizazi hicho. Madimbwi hayo ndiyo yanayostahili ulinzi wakati wa ukame, kwa kuwa yakivuliwa hadi samaki wa mwisho, mvua italeta maji yasiyo na mbegu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba upimaji wa mayai na viluwiluwi ni hesabu ya samaki wajao, iliyojengwa kwa miaka zaidi ya 150 juu ya mayai yanayoelea baharini. Imebainika kwamba nguvu ya utaratibu huo inatokana na kuhusisha hesabu na kiasi cha maji au eneo, na kwamba wavu ni njia mojawapo tu ya kufanya hivyo. Katika maji ya mwambao, wavu wa planktoni, kipima mtiririko na hadubini vinaendelea kuwa zana za msingi. Katika Mtera, Hombolo na Bahi, kazi hiyohiyo hufanywa kwa kukagua kinywa cha jike, kuhesabu viota, kufunga vishada vya nyasi kabla ya mvua na kutega taa usiku. Inapendekezwa kwamba upimaji wa uwanda wa kati uanze na samaki wawili, perege na kambale, urudiwe kwa misimu kadhaa ya mvua katika vituo vilevile, na rekodi zake zihifadhiwe sambamba na rekodi za kimo cha bwawa. Matokeo ya aina hiyo yakiwapo, tarehe ya kufunga uvuvi na kiasi cha kushusha maji vitaweza kuamuliwa kwa kuangalia mayai yenyewe.